Mlima uliovuta mpaka: kwa nini Kisoro iko Uganda

Swali la msomaji: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni dereva wa lori, mzaliwa wa Busia. Karibu kila wiki nakwenda Kisoro kuchukua viazi, nateremsha Kampala. Juzi nilimbeba mzee mmoja kutoka Kabale. Tulipofika pale juu Kanaba akainyooshea kidole ile milima, akaniambia nchi yote ile ya chini ilikuwa ya mfalme wa Rwanda, na Mwingereza aliipata kwa sababu ya mlima ambao hata hakujua uko wapi. Nilicheka, lakini neno lile limenikaa kichwani. Ni kweli? Na ile milima ni volkano zilizo hai? Halafu kuna jambo linanishangaza: mashamba ya kule ni mawe matupu lakini viazi vinatoka vikubwa, na mvua inanyesha kila mara lakini watoto wanafuata maji kwa mbali na jerikani. Inakuwaje?"

Marahaba, mwanangu. Yule mzee usingemcheka. Alichokuambia ni kweli kwa sehemu kubwa, ila ameruka vipande viwili vitatu ambavyo ndivyo vitamu zaidi. Nimefundisha jiografia miaka mingi, na somo la mipaka ya Uganda huwa halianzi kuchangamka mpaka tufike Bufumbira, yaani nchi ya Kisoro.

Tuanze na mlima wenyewe. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alikuwa Karagwe, upande wa Tanzania ya leo, mgeni wa Mfalme Rumanika. Akatazama magharibi, akaona vilele vyenye ncha vimesimama mbali sana angani. Hakwenda huko. Aliuliza, akatajiwa jina, akaandika: Mfumbiro. Ukijua Kiganda utalisikia neno hilo vizuri, kwa sababu okufumba ni kupika na jikoni ni effumbiro. Milima inayotoa moshi kuitwa jikoni ni jambo la kawaida tu kwa mtu anayeishi karibu nayo. Lakini kwenye ramani za Ulaya lile jiko likageuka mlima mmoja mkubwa, umesimama peke yake, na kila mchora ramani akaupachika alipoona panafaa.

Sasa njoo 1890. Mwezi wa Julai mwaka huo Uingereza na Ujerumani wakatia saini mkataba wa kugawana nchi zetu. Unaufahamu mkataba huo hata kama hukumbuki tarehe, maana ndio uleule ambamo Mjerumani alikubali Zanzibar iwe chini ya Mwingereza, naye akapewa kisiwa cha Heligoland huko kwao. Magharibi ya Ziwa Viktoria walikubaliana mpaka ufuate mstari wa latitudo, digrii 1 kusini ya ikweta, uende moja kwa moja hadi Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Kaskazini Mwingereza, kusini Mjerumani. Lakini wakaongeza sharti dogo: kama mlima Mfumbiro utakutwa uko kusini ya mstari huo, basi mstari upindwe, uuzunguke, ili mlima ubaki upande wa Mwingereza.

Hebu fikiria. Wanaume waliokaa mezani Ulaya wakaukunja mpaka kwa ajili ya mlima ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika miguuni pake. Mjerumani wa kwanza kuivuka Rwanda, Count von Götzen, alifika mwaka 1894, miaka minne baada ya wino kukauka. Yeye ndiye aliyepanda Nyiragongo, na watu kama yeye ndio waliorudi na habari kwamba Mfumbiro, kama mlima mmoja, haupo. Kilichopo ni safu nzima ya milima mikubwa minane, inayokatiza Bonde la Ufa kama ukuta: Muhabura, Gahinga, Sabinyo, Bisoke, Karisimbi, Mikeno, Nyiragongo na Nyamulagira. Ndiyo tunayoiita leo Virunga. Na yote iko kusini ya ule mstari.

Hapa chukua simu yako ufungue ramani. Digrii 1 kusini inapita kaskazini ya Kabale, kama kilomita 28 hivi kutoka mjini. Kisoro iko kusini zaidi ya hapo. Kwa hiyo kama lile sharti la Mfumbiro lisingeandikwa, na mstari ukafuatwa ulivyo, barabara unayoendesha kutoka Kabale hadi Kisoro ingekuwa katika nchi ya Mjerumani, na leo ungepita forodha kabla hujafika hata Kabale.

Mzee wako, nadhani, aliishia hapo. Lakini kulikuwa na mdai wa tatu. Leopold alikuwa amejiandikia mpaka wa mashariki wa Kongo yake kwenye longitudo ya digrii 30. Wakati wa kuandika, ramani zilikuwa zimeuweka mstari huo mahali pasipo pake. Wapima ardhi walipokwenda na vyombo vyao mwaka 1907 na 1908, wakagundua kwamba digrii 30 halisi iko mashariki zaidi ya ilivyochorwa. Kisoro yote ikajikuta magharibi ya mstari, yaani ndani ya Kongo. Basi ukawa mchezo wa ajabu: Mjerumani anaidai Kisoro kwa latitudo, Mbelgiji anaidai kwa longitudo, Mwingereza anaidai kwa jina la mlima alilolisikia Speke akiwa Karagwe.

Mwaka 1909 Mwingereza akatuma msafara wenye askari kupanda milima ya Kigezi, nchi ya Kabale na Kisoro, Wabelgiji nao wakasogea kutoka upande wa Rutshuru, Kongo, wakatazamana kwa miezi kila mmoja na bendera yake. Ilikuwa karibu damu imwagike kwa ajili ya kosa la mchora ramani. Mwishowe wakaenda kuzungumza Brussels, na tarehe 14 Mei 1910 wote watatu wakakubaliana kuachana na mistari ya hewani na kufuata vitu vinavyoonekana: vilele, migongo ya milima, mito. Mwaka 1911 tume ya mpaka ikapita kwa miguu ikiweka alama. Mpaka wa kusini ukapitishwa juu ya Sabinyo, Gahinga na Muhabura, kilele kwa kilele.

Kwa hiyo ile Mfumbiro ambayo Mwingereza aliipigania miaka ishirini, alipoipata ilikuwa imeshapasuliwa. Yeye alipewa miteremko ya kaskazini ya milima mitatu. Iliyobaki wakagawana Mjerumani na Mbelgiji. Na Sabinyo ndiyo iliyobebeshwa mzigo mkubwa zaidi, maana hadi leo kilele chake ndipo zinapokutana Uganda, Rwanda na Kongo. Ukifika pale juu, na ni kazi ya jasho na ngazi za miti, unaweza kuweka mguu katika nchi tatu bila kuulizwa pasipoti.

Kuhusu maneno kwamba nchi ile "ilikuwa ya mfalme wa Rwanda", hapo ningemwomba mzee aseme polepole. Ni kweli Mwami Kigeli Rwabugiri, aliyefariki 1895, alisukuma nguvu zake hadi Bufumbira, na mwanawe Yuhi Musinga, aliyetawala baadaye, alikuwa na ndugu yake, Nyindo, akitawala huko kwa niaba ya ukoo wa kifalme. Lugha ni ile ile. Rufumbira na Kinyarwanda mtu hasikii tofauti mpaka atege sikio. Lakini milimani kulikuwa na wakubwa wa koo waliotii pale walipotaka, na msituni kulikuwa na Watwa ambao hawakuwa wakimwona mwami wala kodi yake. Kusema Bufumbira ilikuwa mkoa wa Rwanda kama wilaya ya leo ni kuvisha zamani nguo za sasa. Kusema haikuwa na uhusiano na Rwanda ni uongo mkubwa zaidi.

Na mpaka ulipopita, walioumia kwanza ni hao wa katikati. Nyindo alijikuta chini ya Mwingereza huku kaka yake yuko chini ya Mjerumani. Vita vya 1914 vilipoanza akasimama upande wa kaka, na kufikia 1916 alikuwa ameshindwa na kujisalimisha. Kabla yake kulikuwa na Muhumuza, mwanamke aliyesema yeye ni mjane wa Rwabugiri na akazungumza kwa jina la Nyabingi, roho iliyoheshimiwa sana milima ile. Aliwakusanya watu dhidi ya wageni mwaka uleule wa tume ya mpaka, 1911. Walimkamata Septemba, wakampeleka mbali, na akafia Kampala mwaka 1945 bila kuruhusiwa kurudi kwao. Miaka thelathini na minne, mwanangu.

Utawala wa Mwingereza ulipotulia, ulileta maagenti wa Kiganda na lugha yao ya ofisi. Kiswahili nacho kilipanda huko na askari, wapagazi na wachuuzi, kisha kikanywa maji ya Kongo. Ndiyo maana wewe wa Busia unaelewana na wauzaji wa Bunagana, pale mpakani na Kongo, bila shida, hata kama wanakwambia "bei ni ngapi ile?" kwa mtindo unaokuchekesha. Na pale Bunagana ndipo mpaka wa 1910 unapouma mpaka leo. Waasi wa M23 walipouteka upande wa Kongo Juni 2022, maelfu walivuka kwa miguu, wakapokelewa kambi ya muda ya Nyakabande nje ya mji wa Kisoro, na wengi wao walikuwa na shangazi au mjomba upande huu. Bila shaka uliona jinsi bei ya mizigo ilivyovurugika siku zile.

Sasa volkano. Hapa nitakuwa mfupi maana jibu lake ni fupi. Katika ile minane, zinazolipuka siku hizi ni mbili, Nyiragongo na Nyamulagira, na zote ziko Kongo. Tatu zetu zimelala. Sabinyo (karibu mita 3,670) imekwisha kabisa. Mvua imeitafuna hadi ikabaki na ncha ncha, na jina lake linatokana na iryinyo, jino, eti mzee aliyebaki na meno machache. Gahinga, mita 3,474, ina kinamasi ndani ya kasoko yake, yaani lile shimo la kileleni. Muhabura, mita 4,127, ndiyo yenye umbo safi la pia iliyopinduliwa, na juu kabisa ina ziwa dogo unaloweza kulizunguka kabla hujamaliza kula andazi. Hakuna maandishi ya mtu aliyeiona ikilipuka.

Nyiragongo ndiyo ya kuogopa, lakini anayepaswa kuiogopa ni mtu wa Goma. Lava yake ni nyepesi mno, inakimbia kama uji uliomwagika. Mwaka 1977 kuta zake zilipasuka na ziwa la moto lililokuwa ndani likamwagika lote kwa muda usiozidi saa moja. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji wa Goma hadi Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ikatoka tena usiku. Kutoka pale hadi Kisoro ni kama kilomita 55 kwa mstari ulionyooka, na lava ya Nyiragongo huteremka kusini, siyo kwetu. Kinachoweza kutufikia ni tetemeko na, usiku wenye anga safi, wekundu upande wa magharibi. Viazi vyako viko salama.

Swali la mawe na maji ndilo nililolipenda zaidi, kwa sababu majibu yake mawili ni kitu kimoja. Ule uwanda wa Kisoro, ulio kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ni sakafu ya lava. Milima ile mikubwa pamoja na vilima vidogo unavyoviona vimetawanyika kama vichuguu ilimwaga moto, moto ukapoa, ukapasuka. Lava ikipoa inajaa nyufa na matundu. Juu yake kuna udongo mweusi wa majivu, mwingine hauzidi urefu wa jembe. Mkulima wa kwanza aliyefika alikuta mawe, akayaokota akayarundika pembeni ili apate pa kupanda. Mtoto wake akarundika, mjukuu akarundika. Marundo hayo ndiyo yanayoitwa gahinga, na ndilo jina la mlima wa katikati: rundo dogo la mawe kando ya majirani zake wawili wakubwa. Zile kuta nyeusi unazoziona zikigawa mashamba hazikujengwa kwa mpango; ni taka za shamba zilizopangwa vizuri.

Maji yanayonyesha juu ya sakafu hiyo hayakai. Yanazama kwenye nyufa kama kwenye chekecheke. Ndiyo maana ukitembea Nyarusiza au Muramba, chini kabisa ya milima inayopokea mvua nyingi, hukuti mto. Maji yanasafiri gizani, yanaibuka mbali, kwenye chemchemi kama Chuho inayonywesha mji wa Kisoro. Anayeishi juu ya njia hiyo ya maji, mita nyingi chini ya miguu yake, ndiye anayempeleka mtoto na jerikani. Tangi la kuvuna maji ya bati kule lina thamani kuliko sehemu nyingi za nchi hii, na nikiona nyumba mpya imejengwa bila mfereji wa paa, huwa nauma midomo.

Kuhusu viazi: lava ya Bufumbira ina potasiamu nyingi kuliko lava za kawaida. Wanajiolojia Arthur Holmes na Helen Harwood walioichunguza na kuchapisha matokeo yao mwaka 1937 waliipa sifa duniani, na moja ya aina za mawe ya ukanda huu linaitwa kwa jina la nchi yetu, ugandaiti. Kiazi mviringo kinapenda potasiamu kama mtoto anavyopenda miwa. Ongeza baridi ya usiku, ongeza udongo laini ambao mizizi inaupenya bila kupigana, basi unapata yale magunia yanayokupinda springi za lori. Kuna kasoro moja ambayo wakulima wachache wanaambiwa: udongo wa majivu ya volkano huing'ang'ania fosforasi, haiachilii mmea. Mtu anaweza kumwaga mbolea ya dukani yenye fosforasi na sehemu kubwa ikafungwa humo humo ardhini. Samadi husaidia kuifungua. Wauzaji wako wakilalamika kwamba mbolea "imechakachuliwa", huenda ni kweli, lakini huenda pia kosa ni la udongo.

Lava hiyo hiyo ndiyo iliyotengeneza maziwa. Mikondo yake iliziba mabonde, maji yakapanda nyuma ya vizibo, tukapata Mutanda, Mulehe, hata Bunyonyi unaloliacha kule Kabale. Bunyonyi linamwaga maji yake kuelekea Mutanda, Mutanda linaelekea Ziwa Edward, na kutoka hapo ni Nile. (Na yule mwongoza watalii akikuambia Bunyonyi lina kina cha mita 900, mwambie wapimaji wanakuta kama mita 40. Atakasirika kidogo.) Lakini kizibo kikubwa kuliko vyote ni safu ya Virunga yenyewe. Zamani maji ya mahali lilipo Ziwa Kivu yalikwenda kaskazini, yakajiunga na Nile kupitia Ziwa Edward. Milima ilipoota katikati ya bonde, maji yakakosa njia, yakapanda, yakatafuta mlango wa kusini, na leo yanashuka kwa mto Ruzizi hadi Tanganyika na kuishia Atlantiki. Misri ilinyang'anywa maji na volkano kabla hakujawa na mtu wa kulalamika.

Kitu kimoja hukuuliza lakini siwezi kukuacha bila kukitaja. Lava ikitiririka, ngozi ya juu hupoa kwanza na ya ndani huendelea kukimbia, ikiisha inaacha bomba tupu. Moja ya mabomba hayo ni pango la Garama, urefu wa mita 342, ambamo Watwa walijificha na kukutana nyakati za vita. Msitu wa juu yake ulifanywa hifadhi ya sokwe wa milimani (gorila) tangu 1930, na 1991 ukawa Hifadhi ya Taifa ya Mgahinga, kilomita za mraba 33.7 tu. Mwaka huo Watwa walitolewa bila ardhi ya kwenda. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilisema walitendewa vibaya na wanastahili fidia. Ukiwaona pembeni ya barabara ya Nyarusiza wakibeba magunia ya wengine kwa ujira mdogo, ujue ule mlima ulikuwa wao kabla Speke hajauliza jina.

Ukipita tena Kanaba, pita asubuhi kabla ukungu haujapanda, usimamishe gari mahali salama uelekee kusini. Kushoto kabisa ni Muhabura. Jina lake ni kutoka guhabura, kumrudisha aliyepotea kwenye njia, kwa hiyo ni mlima wa madereva kwa haki yake. Katikati Gahinga, kulia Sabinyo na meno yake. Mgongo wa hiyo mitatu ndio mpaka. Na ukimbeba tena yule mzee, usimtoze nauli. Mwulize babu yake alimpelekea nani ushuru kabla ya 1911, kisha niandikie alivyokujibu.